MAONI: Vijana wa Lubunga wapewe nafasi ya filamu isiyouliza kabila

Tangu mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uzuke mwaka 2023, jina la Lubunga limekuwa likisikika kwenye habari kwa sababu moja: nani kamshambulia nani. Wadau wa utamaduni mjini Kisangani wana njia ya kuwapa watoto wa komini hiyo lugha nyingine ya kusimulia, na njia hiyo haihitaji fedha nyingi wala mitambo mikubwa.

Kati ya komini sita za mji wa Kisangani, Lubunga ndiyo pekee iliyoko ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Nyingine tano, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ng'ambo ya pili. Daraja hakuna. Mtu wa Lubunga anayekwenda chuo kikuu au kwenye ofisi za jimbo hushuka hadi mtoni, hulipa nauli ya mtumbwi au boti na kuvuka. Reli ya kwenda Ubundu, yenye urefu wa kilomita 125, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili mizigo iyakwepe maporomoko ya Boyoma, inaanzia upande huo huo wa kushoto. Zamani ilikuwa fahari ya mji. Leo ni kumbukumbu ya jinsi eneo linavyoweza kuwa mlango wa biashara kisha likageuka kuwa uwanja wa nyuma.

Juu ya upweke huo wa kijiografia yakaja mapigano. Ardhi iliyokusudiwa kwa kilimo cha kampuni iliwagawa majirani juu ya nani ana haki ya kuiruhusu na kunufaika nayo. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia, wengi wao wakivuka mto kutafuta hifadhi ng'ambo ya kulia. Watoto waliokuwa wakikaa dawati moja wakajikuta wanatajwa kwa majina mawili ambayo awali yalikuwa ya ukoo na lugha tu, na sasa yamekuwa ya kambi mbili.

Mashirika na viongozi wamejibu kama inavyojibiwa siku zote: mikutano ya upatanisho, vipindi vya redio, mabango ya amani. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini njia zote hizo zinategemea uso wa mtu na jina lake. Bango huonyesha mikono miwili ikisalimiana, na mtazamaji wa Lubunga huuliza mara moja: huyu ni yupi, na yule ni yupi? Kwenye mkutano, kabla mtu hajafungua kinywa, watu wameshamtambua kwa jina lake. Mahali ambapo kila picha hudaiwa kitambulisho, panahitajika pia picha ambazo haziwezi kukitoa.

Picha hizo zipo, na zina historia ya zaidi ya miaka 100. Ni filamu za uhuishaji dhahania: filamu ambazo ndani yake hakuna mtu, mnyama wala nyumba, ila mistari, madoa, rangi na maumbo yanayosogea, kupishana, kugongana na kutulia kwa mdundo. Wataalamu huziweka katika kundi la sinema ya majaribio. Kwa mtazamaji wa kawaida ni kitu rahisi zaidi: ni muziki unaoonekana.

Mistari iliyochorwa bila kamera

Ujerumani mwaka 1921, Walter Ruttmann alionyesha filamu fupi ya maumbo yaliyopakwa rangi ambayo yalivimba na kusinyaa kwa kufuata muziki. Miaka michache baadaye Viking Eggeling, msanii kutoka Sweden, akamaliza filamu yake ya mistari meupe inayojikunja na kujikunjua katika giza. Wote wawili walitaka kujua iwapo jicho linaweza kufurahia mwendo wenyewe, kama sikio linavyofurahia sauti ya filimbi bila kuuliza filimbi hiyo inasema nini.

Aliyeifanya kazi hiyo iwe nafuu ni Len Lye, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 1935 mjini London, akiwa hana fedha za kukodi kamera, alichukua utepe mtupu wa filamu na kupaka rangi juu yake moja kwa moja. Matokeo yake ni filamu iitwayo A Colour Box, iliyolipiwa na Posta ya Uingereza. Mwishoni kulikuwa na tangazo la bei ya kutuma vifurushi. Maelfu ya watu waliokwenda sinema kutazama mambo mengine walijikuta wakitazama rangi zikicheza dansi ya Kikuba.

Mwaka 1958 Lye huyo huyo alikamilisha Free Radicals. Safari hii alichukua utepe mweusi na kuukwaruza kwa sindano na vyuma vyenye ncha, mkwaruzo kwa mkwaruzo, hadi mistari meupe ikaanza kuruka na kuzunguka gizani. Filamu hiyo ilipata tuzo katika shindano la sinema ya majaribio mjini Brussels mwaka huo. Ngoma zinazosikika ndani yake ni za Wabagirmi wa Chad. Kwa maneno mengine, mojawapo ya filamu dhahania zinazosifiwa zaidi duniani inatembea kwa miguu ya Afrika, na ilipewa tuzo katika mji mkuu wa nchi ambayo wakati huo bado ilikuwa inaitawala Kongo.

Hili ni muhimu kwa sababu jambo la kwanza litakalosemwa dhidi ya wazo hili ni kwamba hayo ni mambo ya wazungu, na kwamba kijana wa Lubunga hana haja ya sanaa isiyoeleweka.

Tshopo inaijua lugha hii tangu zamani

Jibu liko kwenye mto wenyewe. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wanaoishi kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, wanajulikana duniani kwa lokole, ngoma ya gogo lililochongwa likawa tupu ndani, yenye sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, alitoa kitabu mwaka 1949 kuhusu ngoma hizo. Alieleza kwamba lugha ya Kilokele hubeba maana katika kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma huchukua huko kupanda na kushuka peke yake, bila konsonanti wala irabu. Kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa sauti, mpigaji huongeza kirai kizima ili msikilizaji asichanganye neno moja na jingine.

Huo ni udhahania kamili. Mpigaji huondoa kinywa, ulimi na herufi, akabakisha juu na chini tu, na bado mtu aliye mbali hujua kwamba kuna msiba, kuna mgeni au kuna mashindano ya mieleka. Asiyesema kwamba lokole haieleweki hana sababu ya kusema kwamba mistari inayopanda na kushuka kwenye skrini haieleweki. Kinachotakiwa ni kuzoea.

Ukipita barabara inayotoka Kisangani kuelekea Ituri, unaingia kwenye misitu ya Wambuti. Huko wanaume hupondaponda gome la mti hadi liwe kitambaa, na wanawake hukichora kwa rangi nyeusi inayotokana na utomvu wa matunda uliochanganywa na makaa. Michoro yao haina mtu wala mnyama wa kutambulika moja kwa moja. Ni mistari inayoanza, inakatika, inageuka, inaacha nafasi tupu na kuanza tena mahali pengine. Makumbusho na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wamevitundika vitambaa hivyo ukutani kama sanaa ya kisasa. Wengi wamesema vinafanana na uimbaji wa Wambuti wenyewe, ambapo sauti nyingi hupishana na hakuna mmoja anayeongoza kwa muda mrefu.

Kusini zaidi, Wachokwe wa Angola, Kongo na Zambia wana michoro ya mchangani iitwayo sona. Mzee huweka nukta kwa vidole, kisha huzungusha mstari mmoja kati ya nukta hizo bila kuinua kidole, huku akisimulia. Hadithi huisha mstari unapofika ulipoanzia. Baadaye upepo au nyayo huufuta. Anayetafuta babu wa uhuishaji wa Kiafrika amtafute hapo: mchoro unaokua mbele ya macho, kwa muda maalumu, pamoja na sauti, kisha ukaondoka.

Basi hoja ya ugeni haisimami. Kilichokosekana Tshopo si akili ya kuelewa maumbo bali mtu wa kuyaunganisha maumbo hayo na kamera.

Wakongo wameshaonyesha njia

Hata katika uhuishaji, Kongo haianzi na sifuri. Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, wamisionari Wabelgiji walitengeneza katuni za swala mdogo Mboloko kwa ajili ya kuwafundisha Wakongo maadili. Hadithi ilikuwa ya Wakongo lakini kalamu haikuwa yao. Jean-Michel Kibushi ndiye aliyeibadilisha hali hiyo. Mwaka 1988 alianzisha Studio Malembe Maa, karakana ya kuhamahama, na mwaka 1991 akatoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni, inayotambuliwa kama filamu ya kwanza ya uhuishaji iliyotengenezwa na Mkongo.

Filamu yake iliyofuata ndiyo inayoihusu Lubunga zaidi. Mnamo Septemba 1991 wanajeshi ambao hawakuwa wamelipwa waliingia mitaani Kinshasa na kupora, na raia wakafuata. Mwaka 1992 Kibushi alitoa Kinshasa, septembre noir, filamu fupi iliyotokana na michoro ya watoto kuhusu siku hizo. Kamera za habari zilikuwa zimewaonyesha wanajeshi na friji mabegani. Penseli ya mtoto ilionyesha kitu kingine: ukubwa wa bunduki ukilinganisha na mlango wa nyumba.

Lubumbashi, mwaka 2019, Frank Mukunday na Tétshim walitoa Machini. Walitumia vijiwe na chaki, wakivisogeza kidogo kidogo na kupiga picha kila hatua, kusimulia mji unaoishi na moshi na vumbi la migodi. Mwaka huo huo, Nelson Makengo wa Kinshasa alitoa filamu fupi kuhusu mtaa usio na umeme, ambapo sehemu kubwa ya skrini ni giza na kinachosogea ni taa ndogo za betri. Filamu yake si ya uhuishaji na watu wamo ndani yake, lakini mtazamaji hutoka akiwa ameona jinsi nuru peke yake inavyoweza kubeba malalamiko ya mtaa mzima.

Kisangani yenyewe ina watu na taasisi za kulipokea wazo hili. Mcheza dansi na mtunzi Faustin Linyekula alianzisha Studios Kabako mwaka 2001 mjini Kinshasa, kisha akaihamishia kazi yake Kisangani. Kituo hicho kimefundisha vijana dansi, muziki na video, na kimefanya kazi na wakaazi wa Lubunga, hata katika suala la maji safi ya kunywa. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, amekuwa mmoja wa watengenezaji wa filamu za hali halisi wanaoheshimika zaidi barani. Goma nako, Yole!Africa ya Petna Ndaliko imelea kizazi cha vijana waliojifunza kushika kamera katikati ya vita.

Ukweli wenye sura na ukweli usio na sura

Kuna pingamizi zito kuliko lile la ugeni. Baadhi watasema: Lubunga kuna watu waliouawa, na waliowaua wana majina. Kuwapa vijana filamu ya mistari na madoa ni kuwasaidia wahusika kujificha. Damu ikigeuzwa kuwa doa jekundu linalosogea kwenye skrini, nani atajibu?

Pingamizi hili halipaswi kupuuzwa, maana Kisangani inalijua vizuri. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo kwa mabomu. Mamia ya raia waliuawa na wengine wakabaki na ulemavu. Katika filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, Hamadi aliwafuata walionusurika wakisafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai fidia yao. Sura zao, magongo yao na majina yao ndiyo nguvu ya filamu ile. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka hiyo. Hukumu kama hiyo haipatikani kwa maumbo. Hupatikana kwa mashahidi, tarehe na ushahidi.

Kwa hiyo mpaka uwekwe wazi. Filamu dhahania haiwezi kuwa mbadala wa uchunguzi, wa mahakama wala wa filamu ya hali halisi. Ikitumiwa na mtu yeyote kusema "tumeshafanya sanaa, sasa tusahau," itakuwa imegeuzwa kuwa kifuniko, na wakaazi watakuwa na haki ya kuikataa.

Lakini kuna watu ambao bado hawawezi kuwa mashahidi. Mtoto wa miaka 10 aliyeona nyumba ikiungua hawezi kusimama mbele ya kamera na kusema ni nani aliyeiwasha. Akisema, anaiweka familia yake hatarini. Asiposema, kimya kinaota mizizi. Filamu ya hali halisi humwomba aonyeshe uso wake. Uhuishaji wa watu na nyumba humwomba achore nguo, mapanga, alama za mwilini. Uhuishaji dhahania haumwombi chochote isipokuwa aonyeshe jinsi lilivyokuwa: kitu kikubwa kilikuja kwa kasi, kitu kidogo kilijibana pembeni, kulikuwa na mwanga mahali pasipostahili mwanga, kisha kukawa na utulivu mrefu. Mtoto wa upande wa pili atakapoitazama filamu hiyo ataujua mwendo ule. Hataweza kusema kama umechorwa na Mmbole au Mlengola, na pengine kwa dakika moja hataona sababu ya kuuliza.

Dakika hiyo moja haitatatua mgogoro wa hati za ardhi. Inatosha, hata hivyo, kwa watoto wa pande mbili kujua kwamba waliogopa kitu kimoja. Mikutano mingi ya upatanisho haijafika hapo.

Ua kwenye mpaka

Mwalimu yeyote anayetaka kulianza zoezi hili Lubunga ana filamu moja ya kuionyesha kwanza. Norman McLaren, mzaliwa wa Uskoti aliyefanya kazi katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada kuanzia mwaka 1941, alikuwa bingwa wa kuchora moja kwa moja kwenye utepe. Mwaka 1949 alitoa filamu ya rangi na mistari inayocheza na piano ya Oscar Peterson. Mwaka 1952 akatoa Neighbours, ya dakika kama 8 hivi, ambayo ilipata tuzo ya Oscar.

Kisa chake ni kifupi. Majirani wawili wameketi wakisoma magazeti. Ua moja linachipua kati ya viwanja vyao. Wote wawili wanalipenda, kisha kila mmoja anadai liko upande wake. Wanaweka uzio, wanapigana, wanabomoana nyumba, familia zinaangamia, na mwisho wote wawili wanakufa. Ua linaota juu ya kila kaburi, na mbao za uzio zinatumika kuyazungushia makaburi. Filamu haina maneno. Sauti zake McLaren alizitengeneza mwenyewe. Mtu wa Lubunga hahitaji mkalimani kuielewa.

Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba kabla ya filamu hiyo, mwaka 1949, UNESCO ilimtuma McLaren China kuwafundisha wachoraji wa huko jinsi ya kutengeneza michoro na filamu za elimu ya afya vijijini kwa vifaa duni. Alirudi akiwa ameona mapinduzi kwa macho yake, na vita vya Korea vilipoanza akaona haja ya kutengeneza filamu dhidi ya vita. Historia hiyo inaonyesha kwamba ufundi huu haukuzaliwa kwa ajili ya matajiri wa majumba ya sanaa peke yao. Mmoja wa mabingwa wake aliona thamani yake kijijini, mahali pasipo na studio.

Inagharimu nini?

Pingamizi la tatu ni la tumbo. Lubunga inahitaji maji, umeme, shule, barabara na usalama. Nani ana muda wa filamu? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama fedha za filamu zingetolewa kwenye fungu la maji. Lakini hapa gharama ni ndogo kiasi kwamba haliwezi kuwa swali la kuchagua kimoja na kuacha kingine.

Hesabu yake ni hii. Sinema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde. Uhuishaji wa mafunzo hutosheka na 12. Dakika moja ya filamu ni picha 720. Kundi la watoto 12 likigawana kazi, kila mtoto hutengeneza picha 60, kazi ya asubuhi mbili au tatu. Simu janja moja yenye programu ya bure ya kuunganisha picha inatosha. Simu hufungwa juu ya meza kwa kipande cha mti ili isitikisike. Chini yake huwekwa kioo cha dirisha, na chini ya kioo taa ya sola.

Juu ya kioo hicho ndipo mchanga wa mto Kongo unapopata kazi mpya. Caroline Leaf, msanii wa Marekani aliyefanya kazi Kanada, alijulikana katika miaka ya 1970 kwa filamu alizozitengeneza kwa kusogeza mchanga juu ya kioo chenye mwanga. Anayetumia mchanga hana michoro ya kuhifadhi: kila picha mpya huifuta ile iliyotangulia. Lubunga ina mchanga. Ina pia unga wa muhogo, makaa, majani na vitambaa vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani. Sauti ipo: lokole, makasia, mvua juu ya bati, kengele za baiskeli za toleka. Watoto wanaosema Kiswahili nyumbani na wale wanaosema Kilingala, Kimbole au Kilengola hawatahitaji kukubaliana lugha ya filamu, kwa sababu filamu haitakuwa na neno hata moja.

Maonyesho nayo hayahitaji jumba. Shuka jeupe, projekta ndogo na betri vinatosha kuonyesha filamu shuleni au karibu na gati, jioni, watu wanaporudi kutoka ng'ambo. Na filamu hizo zivuke mto. Wakaazi wa Makiso na Mangobo wanaoijua Lubunga kwa habari za mapigano tu wanastahili kuona kitu kingine kilichotoka huko.

Nani afanye nini

Vituo vya utamaduni vya Kisangani vina ujuzi na jina. Vinaweza kuanza na shule mbili za Lubunga, moja yenye wanafunzi wengi waliorejea makwao na nyingine katika mtaa uliowapokea waliokimbia. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanafunzi wa saikolojia na elimu wanaoweza kuwa karibu na watoto wakati wa kazi, kwa sababu mtoto anayechora hofu yake asiachwe peke yake nayo. Watengenezaji wa filamu waliotoka mjini humo na kupata sifa nje wanaweza kurudi wiki moja kwa mwaka. Divisheni ya Utamaduni na Sanaa ya jimbo inaweza angalau kuhakikisha kwamba waandaaji hawazungushwi kwa vibali na ada.

Mashirika ya misaada nayo yana somo hapa. Mengi hupenda filamu yenye ujumbe: mwanzo ugomvi, mwisho kupeana mikono, nembo ya mfadhili ikifunga. Wasiwalazimishe watoto wa Lubunga kumaliza filamu zao kwa kupeana mikono. Kama duara mbili zinagongana hadi mwisho na haziachani, ziachwe hivyo. Amani inayochorwa kwa amri ya mfadhili haimdanganyi mtu yeyote, na mtoto ndiye wa kwanza kuitambua.

Waswahili husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lubunga imesikia mengi kuhusu fahali: nani mwenye ardhi, nani mwenye hati, nani aliyeanza. Wanasheria na viongozi waendelee na hayo, maana bila haki ya ardhi hakuna filamu itakayoleta utulivu. Lakini nyasi nazo zina la kusema, na mpaka sasa zimepewa lugha za fahali tu kulisemea. Kioo kimoja, taa moja, simu moja na konzi ya mchanga wa mtoni si gharama kubwa kwa mji uliotoa wasanii wanaoheshimika duniani. Kisangani haina kisingizio cha kushindwa kuvivusha mto.